Timu ya Makaratasi na Jina la Mama

Mama yangu alilima Kitahana mpaka mgongo wake ukakataa kunyooka. Alitulea kwa jembe na kwa makofi, akafa, tukamzika, na jina lake likafukiwa pamoja naye. Siandiki hivi ili nionewe huruma. Naandika ilivyokuwa. Kwetu mtoto hupewa jina na upande wa baba yake. Nilipozaa mimi, baba mkwe wangu aliketi kwenye kiti akataja watu wake, wengine sikuwahi kuona hata vivuli vyao. Wanangu wa kiume walipozaa, mume wangu alikuwa hai na mkaidi, naye akataja watu walewale, akamaliza ukoo mzima, akaanza kurudia. Siku moja nikamwambia, "Baba watoto, na mama yangu je?" Akanijibu, "Mama yako ana watu wake." Watu wake nilikuwa mimi.

Mume wangu alipofariki nikabaki na tumaini moja, binti yangu wa mwisho. Lakini binti huzaa kwa watu. Jina la mtoto wake lingetoka kwa baba mkwe, nami ningepiga vigelegele kama mgeni mwingine yeyote.

Nilivyolipata jina hilo ni kwa kuongoza timu ya makaratasi. Anayetaka kucheka na acheke mapema, amalize, kisha anisikilize.

Mwaka 2012 nilimpangisha chumba cha uani mwalimu wa kujitolea, msichana wa Kijapani aliyekuja kufundisha hesabu sekondari hapa Kibondo. Alikuwa mdogo wa umbo, lakini ugali wa muhogo aliula kama mtu aliyetoka kuchimba mtaro. Kiswahili chake kilikuwa cha kwenye kitabu. Asubuhi ananiinamia: "Shikamoo, Bibi. Usingizi wako ulikuwaje?" Nami namjibu, "Marahaba, mwalimu. Usingizi wangu haujambo, unakusalimu." Tukapatana.

Kwao wanapenda mchezo unaoitwa besiboli. Hapa hakuna anayeucheza, na mimi mpaka leo sijauona kwa macho. Mwalimu alikuwa ameuhamishia kwenye makaratasi ili awafundishe wanafunzi hesabu za bahati. Alikata manila vipande vipande, kila kipande mchezaji mmoja, akachora uso, na chini ya uso namba. Unarusha dadu mbili, unatazama karatasi ya mpigaji, nayo inakwambia kama amepiga mbali, amepiga karibu, au ametoka.

Mchezo wenyewe si mgumu. Mtu wa upande huu anarusha mpira, wa upande ule anaupiga kwa gongo na kukimbia. Kuna vituo vitatu vya kupita, kisha nyumbani. Anayezunguka vyote akafika nyumbani ameleta pointi. Wakitoka watatu, mnabadilishana. Nilipoelezwa nikasema, "Aa! Hii ni rede ya wasichana, tofauti ni kwamba imepewa gongo."

Mwanzoni nilidhani ni dadu tu, bahati nasibu. Nikakosea. Dadu ni mvua, hunyeshea shamba la mvivu na la mchapakazi sawasawa. Kulima ni kwako. Wewe kocha ndiye unayeamua nani apige kwanza na nani akae benchi. Mrushaji wako akichoka, unamtoa au unamwacha? Mwenzako akileta mpigaji mkali, unapambana naye au unampa kituo cha kwanza bure ili ukutane na dhaifu anayemfuata? Na mtu wako akiwa amesimama kituoni, unamwambia mpigaji apige kwa nguvu zote, au auguse mpira tu, yeye mwenyewe atoke lakini mwenzake asogee mbele? Hilo la kugusa nililipenda siku ileile. Wanawake tunalijua. Unakula ukoko ili mwingine ale ugali.

Kwa maamuzi ya siri tulitumia maharage. Kila kocha anaficha punje moja chini ya kiganja. Mwenye kupiga akiweka jekundu, maana yake piga. La njano, maana yake gusa. Mwenye kulinda akiweka jekundu, walinzi wake wakae mbali. La njano, wasogee karibu. Mnafunua pamoja. Ukigusa walinzi wakiwa karibu, umekwisha. Ukigusa wakiwa mbali, unacheka.

Msimu wa mvua ule tulicheza barazani kila aliporudi shule, mimi nikichambua maharage na kuamuru. Alinifunga sana, na alinifunga kwa sababu mbili, zote za adabu.

Ya kwanza ilikuwa mrushaji wangu. Mwalimu alikuwa amemchora na mvi na mikunjo ya uso. Nikamwita Mzee. Karatasi ya mrushaji ina alama nyekundu. Akishakutana na wapigaji wengi anaifikia, na kuanzia hapo amechoka, kila mpigaji anaongezewa kwenye dadu. Mwalimu ananiambia, "Bibi, amechoka. Umtoe."

"Simtoi."

"Kwa nini?"

"Mzee akiwa anakunywa, humnyang'anyi mrija mdomoni. Unangoja auache mwenyewe."

"Lakini, Bibi, huyu ni karatasi. Hawezi kuuacha mwenyewe."

Nikamwacha Mzee, akachapwa kama ngoma.

Ya pili ilikuwa mtu wa kushoto. Katika kila timu mwalimu aliweka mpigaji mmoja wa mkono wa kushoto, na wangu nilimweka benchi tangu siku ya kwanza. Mwalimu akauliza, "Huyu amekosa nini?"

"Ni wa kushoto."

"Ndiyo. Ni mzuri sana! Mrushaji wa kulia akichoka, huyu anaongezewa mara mbili."

"Mzuri huko kwenu. Huku hata chumvi humpi mgeni kwa mkono wa kushoto, sembuse gongo."

Akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Baadaye akaniambia neno nililolikumbuka sana: "Bibi, wewe unacheza vizuri, lakini unacheza ili wachezaji wako wakuheshimu. Cheza ili washinde." Mtoto yule alikuwa na akili ya watu wazima. Alipomaliza muda wake akaniachia timu zote mbili ndani ya kopo la biskuti, nikalia, naye akalia, basi likampeleka.

Mwaka 2014 binti yangu akaolewa Kasulu. Huku kwetu wazazi wa mume na wazazi wa mke huitana bamwana, na heshima yake ni nzito. Humkatizi maneno, hubishani naye mbele za watu, na mkono wa kushoto humnyooshei hata kumwonyesha njia ya chooni. Bamwana wangu alikuwa mjane kama mimi, fundi baiskeli wa siku nyingi, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Kwenye bao la kete hakuna mwanaume wa Kasulu aliyemaliza mwaka bila kufungwa naye, na yeye mwenyewe ndiye aliyetangaza hivyo.

Alipokuja kunisalimia mara ya kwanza akaliona kopo. "Hii nini, bamwana?"

"Mchezo wa mwalimu wangu. Timu."

"Timu ya makaratasi!" Akacheka. "Haya, nifundishe, nisikae bure mpaka chakula kiive."

Nikamfundisha. Nitasema kweli, alishika upesi, mtu wa bao anajua kuhesabu mbele. Nilimpa timu nzuri kwa kuwa ni mgeni. Sikumtoa Mzee, sikumgusa wa kushoto. Akanifunga kabla maharage hayajaiva, akala, akarudi Kasulu, na huko akawaeleza watu kwamba amekwenda Kibondo kumfunga mama mkwe wa mwanawe mpira wa Wajapani. Binti yangu akanipigia simu. "Mama, sokoni wananicheka."

"Wanasemaje?"

"Wanasema timu ya mama yako imelowa."

Nikalishusha kopo. Nikaanza kucheza peke yangu, upande huu mimi, upande ule mimi, na nikajizoesha kumtoa Mzee. Mara ya kwanza nilimtoa kwa mikono miwili, kama anayempokea mkubwa. Nikamwambia yule Mzee wa manila, "Samahani, baba, pumzika." Baadaye nikaacha kuomba radhi.

Mwaka 2015 binti yangu akaja kujifungulia kwangu, uzazi wa kwanza. Ilikuwa kiangazi kinaanza, vumbi jekundu limerudi barabarani, na malori ya wakimbizi wa Burundi yanapita kwenda Nyarugusu, watu wamekaa juu ya mizigo yao wakitutazama. Akajifungua salama mtoto wa kike. Kichwa cha mama yangu! Paji lilelile pana, masikio yaleyale yaliyobanwa. Nilipompokea nikakaa chini na mtoto mikononi. Binti yangu akasema kutoka kitandani, "Najua unachotaka, mama. Lakini baba mkwe ameshasema jina."

"Jina gani?"

Akanitajia. Lilikuwa la shangazi wa bamwana, mwanamke aliyejulikana Kasulu nzima kwa kufunga jiko kwa kufuli wageni wakija.

"Huyo!" nikasema. "Mtoto huyu atakufa njaa na chakula ndani."

Siku ya kumtoa mtoto nje bamwana akaja na watu wake. Nilikuwa nimepika pombe ya ndizi, chungu kimekaa katikati ya ua, mirija imechomekwa, migebuka ya ziwani iko kwenye mchuzi. Jirani yangu mwenye duka, Mwislamu mwenye asili ya Ujiji, akaja na soda yake mwenyewe akakaa pembeni ya chungu, kama kawaida yake. Kabla bamwana hajasimama kutaja jina, nikasimama mimi. Si desturi. Watu wakaacha mirija.

"Bamwana," nikasema, "naomba jina la mtoto huyu. Mama yangu hana wa jina lake duniani. Nimekwisha kuzeeka. Huyu ndiye wa mwisho ninayeweza kumwombea."

Bamwana akanitazama. Hakukasirika, ila alikuwa mbele ya watu wake, na mwanaume mbele ya watu wake hutafuta mahali pa kucheka. Akasema kwa sauti ile ya ng'ambo ya bonde, "Bamwana, jina ni la kwetu. Lakini mimi si mchoyo. Nifunge kwa ile timu yako ya makaratasi, mtoto umwite utakavyo!"

Watu wake wakacheka, wakapigana mabega. Walidhani ni mzaha. Na yeye alidhani.

"Wamesikia?" nikauliza.

"Wamesikia nini?"

"Neno ulilolisema mbele ya chungu." Nikamgeukia jirani. "Mzee wa duka, umesikia?"

"Nimesikia vizuri sana," jirani akasema, akaweka chupa chini. "Lakini mimi kamari simo. Kuna fedha hapo?"

"Hakuna fedha."

"Basi mimi nitasoma karatasi na kutunza dadu. Na atakayebisha hukumu yangu, dukani kwangu asije kukopa sukari."

Bamwana akakuna kidevu. Mkubwa akisema neno mbele ya chungu harudi kulilamba. Akasema, "Ego, ndiyo. Leta kopo. Nikufunge mapema, nimtaje shangazi, tule."

Mkeka ukatandikwa. Tukakubaliana zamu tano, mgeni apige kwanza. Binti yangu alikaa mlangoni na mtoto kifuani, nami nilipompita kuchukua maharage akanishika kanga. "Mama."

"Nini?"

"Mchape."

Bamwana alianza vizuri. Zamu ya kwanza mpigaji wake mkuu, mwenye shingo nene tuliyemwita Fahali, akapiga mbali kabisa, watu wawili wakafika nyumbani. Mbili kwa sifuri. Watu wa Kasulu wakaimba. Mmoja akasema, "Bibi, mtoto tumeshamzoea jina lake, hata analiitikia!" Nikamwambia, "Kunywa, mwanangu, pombe nimepika nyingi ili mpate cha kuwafariji."

Zamu ya tatu nikaokota pointi moja, kwa kugusa na kusubiri, kugusa na kusubiri. Bamwana akabetua mdomo. "Bamwana anacheza kama anayepalilia."

"Magugu ndiyo yanayolalamika," nikamjibu.

Zamu ya nne mambo yakawa moto. Mtu wake akafika kituo cha kwanza, akafuata mwingine, wa kwanza akasogea cha pili. Mzee wangu alikuwa bado hajaifikia alama nyekundu, lakini niliiona ikimjia. Nikanyoosha mkono, nikamtoa, nikaweka kijana.

"Yemwe, jamani!" mama mmoja wa kwao akapaza sauti. "Amemtoa mzee kabla hajachoka!"

"Mzee anatolewa angali na heshima yake," nikasema. "Mkisubiri ajikojolee ndipo mnaona haya."

Kijana akamtoa mmoja. Akasimama Fahali. Watu wawili vituoni, amekwisha kutoka mmoja, na Fahali ana gongo. Hapo niliwaza kwa kirefu. Baada ya Fahali alikuwa anakuja mrushaji wa bamwana mwenyewe, maana kwenye mchezo huu mrushaji naye hupiga, na warushaji wengi hawajui kupiga. Nikasema, "Fahali apite. Nampa kituo bure."

Kelele! "Anaogopa!" "Amejaza vituo vyote vitatu kwa mkono wake!" Jirani mwenyewe akanitazama juu ya miwani. "Una hakika, mama?"

"Mgeni mwenye rungu hapiganiwi mlangoni. Unampisha, halafu unafunga nyuma yake."

Bamwana alikuwa na njia. Angeweza kumtoa mrushaji wake na kumweka mpigaji wa akiba apige mahali pake. Alikuwa nao wazuri benchi. Lakini aliyetolewa harudi, na mrushaji yule ndiye aliyenifunga mwaka uliopita, na sifa zake zilikuwa zimetangazwa sokoni. Nilimtazama bamwana akimtazama mtu wake wa manila. Nikajua. Nilikuwa mahali pale pale na Mzee wangu miaka mingapi!

"Simba wangu simtoi," akasema.

Akarusha dadu. Jirani akasoma karatasi, akasoma tena, kisha akatamka polepole kama anayepima mafuta ya taa: "Mpira umebingirika chini. Mpigaji ametoka. Na aliyekuwa akikimbilia kituo cha pili naye ametoka. Zamu imekwisha."

Nilipiga kigelegele mwenyewe. Sikungoja mtu.

Tukafika zamu ya tano, mbili kwa moja, yeye mbele. Kijana wangu akawazuia, wakatoka bila kitu. Ikabaki zamu yangu ya mwisho, na Simba wa bamwana alikuwa amekwisha kuipita alama nyekundu. Benchi yake ilikuwa na mrushaji mbichi, hajagusa mpira. Hakumtazama.

Mpigaji wangu wa kwanza akafika kituo cha kwanza. Aliyefuata alikuwa mtu wangu wa siku zote, wa mkono wa kulia, mtiifu, asiye na makuu. Nikamshika nikamrudisha kwenye kopo. Nikaingiza vidole chini, nikamtoa yule ambaye hajawahi kucheza hata mara moja, karatasi yake bado nyeupe na kona zake kali. Nikamweka mkekani. Jirani akasoma, akakohoa. "Mpigaji wa akiba. Wa kushoto."

Ua wote ukaguna. Bamwana akanyooka. Sasa hakuwa na mzaha.

"Bamwana, unanipa mkono wa kushoto? Mimi? Mbele ya watu wangu?"

Miaka yote ya kulelewa na mama yangu ilinishika kiwiko. Lakini ni huyohuyo mama niliyekuwa namfanyia kazi, na mama alikuwa akipalilia kwa mikono yote miwili.

"Mkono wa kulia nimeshakusalimia nao asubuhi, bamwana, na kukupokelea mzigo, na kukupakulia," nikasema. "Huu wa kushoto ni wa kazi."

Mtu mmoja akapasuka kicheko, naye alikuwa wa upande wao. Bamwana akajaribu kukunja uso, ikamshinda. "Rusha," akasema.

Nikarusha. Jirani akaongeza cha uchovu, akaongeza cha kushoto, akahesabu kwa kidole. "Mbali! Amepiga mbali! Wa kwanza amefika nyumbani. Na mpigaji amesimama kituo cha tatu!"

Mbili kwa mbili. Watoto wa mtaa walianza kuruka bila kujua ni nini. Mtu wangu aliyefuata akatoka bure, dadu mbaya. Akasimama mpigaji wangu mwenye nguvu kuliko wote, na yule wa kushoto yuko kituo cha tatu, hatua chache kutoka nyumbani. Piga au gusa? Nikipiga na dadu ikinikataa, nimempoteza. Nikigusa na walinzi wa bamwana wakiwa karibu, watamkamata wa kushoto njiani.

"Ficheni maharage," jirani akasema.

Nikashika punje zote mbili mgongoni. Nikamtazama bamwana. Alikuwa akiutazama uso wa yule wa kushoto pale mkekani, bado hajaamini. Nikajiambia, mtu aliyepigwa na kishindo hukaa akingoja kishindo kingine. Anasema moyoni: bibi huyu leo hana adabu, amemtoa mzee, amenyoosha kushoto, sasa ataleta mwenye nguvu apige mpaka Kigoma. Atawaweka walinzi wake mbali.

Nikaweka punje yangu chini ya kiganja.

"Funueni."

Bamwana alikuwa na jekundu. Mimi nilikuwa na la njano.

Akaziona punje zote mbili kabla jirani hajasema, maana mtu wa bao huona mbele. Akafumba macho. "Kapalilia," akasema. "Kapalilia tena!"

"Mpira umeguswa," jirani akatangaza, "walinzi wako mbali, wa kushoto amefika nyumbani, mchezo umekwisha, na mimi sukari nitawakopesha wote leo!"

Sitaeleza kelele zilizofuata. Nilicheza ngoma ya mkeka mzima. Nilicheza na mwiko. Binti yangu alilia na kucheka, mtoto akaamka akadai haki yake ya maziwa.

Bamwana alisimama, akajipangusa vumbi magotini. Watu wakatulia wamwone atafanyaje. Akaja mpaka mlangoni, akamchukua mjukuu wake, akatoka naye juani katikati ya ua kama desturi inavyotaka, maana kushinda nilishinda mimi, lakini kutamka ni kwa babu. Akaniinamia. "Niambie, nisikosee."

Nikamnong'oneza. Miaka mingi sikuwa nimelitamka, likatoka na mate.

Akamwinua mtoto, akalitamka kwa sauti ile. Nadhani lilifika Kitahana. Watu wa Kasulu wakalipokea, watu wa Kibondo wakalipokea, jirani akalitamka kwa lafudhi ya Ujiji, na kila mmoja aliyepita mbele ya mtoto akamwita. Mama mmoja akaniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia alikuwa mkali, mkarimu, jiko lake halikuwa na mlango.

Kisha bamwana akanipa mtoto. Akasema polepole, sisi wawili tu tukisikia, "Shangazi yangu atanigombeza ndotoni."

"Mwambie afungue jiko kwanza," nikasema.

Wa jina la mama huitwa mama. Hiyo nayo ni desturi, wala haihitaji dadu. Mimi hapa, mwenye mvi na magoti mabovu, nina mama tena ndani ya nyumba, hana jino hata moja na ana amri kuliko mwenyekiti wa kijiji. Akilia naitika abee, naenda mbio.